Freddie Mercury alikuwa staa na mfukoni hana kitu: hela za Queen zilikuwa kwa nani?



Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu alitupia ujumbe, ule ambao simu yenyewe inakuandikia kwamba umeshasambazwa mara nyingi. Ulisema hivi: bendi ya Freddie Mercury, yule mwanamuziki mzaliwa wa Zanzibar, imeuzwa trilioni 3, lakini mwenyewe alikufa maskini kwa sababu mameneja na washauri walikula hela zote. Ndani ya nusu saa majibu yakawa kama mvua. Mmoja akaandika, "Ndiyo maana mimi sitaki meneja." Mwingine, "Mshauri wa biashara ni mwizi aliyevaa tai."

Mimi sikujibu pale. Nimeona nije kuandika hapa kwa kirefu, kwa sababu ujumbe ule umechanganya ukweli na uongo, na kile kipande cha ukweli kinatuhusu sana sisi tunaouza kwa simu. Mimi mwenyewe kilinikuta, nitawasimulia.

Kwanza tuondoe uongo. Freddie hakufa maskini. Alifariki Novemba 1991 akiwa tajiri, ana nyumba kubwa Kensington, London, na ameacha wosia. Ila kuna kipindi cha kama miaka mitatu, kabla ya hapo sana, ambacho bendi yao ilikuwa inajulikana, nyimbo zinapigwa redioni, na wao wanaishi kwenye vyumba vya kupanga vyenye unyevunyevu ukutani. Hicho ndicho kipindi cha kujifunza.

Freddie alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa keshia kwenye serikali ya mkoloni. Hebu fikiria, mtoto wa keshia! Familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1970 akaanzisha Queen na Brian May na Roger Taylor, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon, kijana mkimya mpiga gitaa la besi. Huyu Deacon mshike vizuri, tutamrudia.

Mwaka 1972 wakasaini na kampuni inaitwa Trident, ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, waliokuwa na studio nzuri sana pale Soho, London. Vijana hawakuwa na kitu. Trident wakawapa studio, vyombo, na mshahara wa wiki ulioanzia pauni 20 na baadaye ukafika pauni 60. Albamu ya kwanza walirekodi kwenye saa ambazo wateja wanaolipa hawapo, mara nyingi usiku. Ukiwa kijana huna kitu, mtu akikupa hivyo unamwona malaika.

Sasa angalia walichosaini. Trident ndio waliokuwa mameneja wao. Trident haohao ndio waliokuwa wamiliki wa rekodi, wanaziuza kwa kampuni kubwa. Na Trident haohao ndio walioshika haki za utunzi wa nyimbo. Yaani mtu aliyetakiwa kwenda kuwapigania bei nzuri, upande wa pili wa meza alikuwa anakutana na nafsi yake. Meneja wa kweli anatakiwa akuambie "usikubali hiyo asilimia, ni ndogo." Sasa atamwambia nani, na asilimia anachukua yeye?

Halafu kuna jambo la pili, ambalo wengi wanaojadili hela za wasanii hawalielewi. Zile gharama za studio, vyombo, mavazi, safari, hazikuwa zawadi. Ni deni. Kila nyimbo zinapouzwa, gharama zinakatwa kwanza ndipo msanii aone chake. Kwetu tunaita mali kauli. Unachukua mzigo kwa maneno, ukiuza unarudisha. Tofauti ni kwamba mimi nikichukua mali kauli ya vitenge Mwanza, najua ni doti ngapi na kila doti shilingi ngapi. Queen walikuwa wanachukua mali kauli ambayo bei inaandikwa na mwenye mali, daftari analo yeye, na wao hawalioni.

Basi mwisho wa 1974 wimbo wao "Killer Queen" ukafika namba 2 Uingereza. Aprili 1975 wakatua Japani, uwanja wa ndege Tokyo umejaa maelfu ya mashabiki wanapiga kelele. Wakarudi London kwenye mshahara wa pauni 60. John Deacon alikuwa ametoka kuoa, akaomba hela ya kianzio cha nyumba, akanyimwa. Roger Taylor, mpiga ngoma, inasimuliwa kwamba aliambiwa asipige kwa nguvu sana maana fimbo za ngoma zikivunjika hakuna hela ya kununua nyingine.

Na mtaani watu wanasema nini? Wanasema wale vijana ni matajiri. Watu waliona jina, wakahesabu hela ambayo haikuwepo.

Hapo ndipo naingia mimi.

Mnaonijua mnajua nauza vitenge na viatu vya mtumba, nina fremu ndogo Tarime mjini lakini mauzo mengi ni ya mtandaoni. Mwaka juzi nilimchukua kijana mmoja anisaidie ukurasa. Anajua kupiga picha, anajua kulipia matangazo, anajibu wateja usiku wa manane. Kijana mzuri, ananiita dada, kwetu tunafahamiana na familia yao. Akaniambia, "Dada, ili kurahisisha, wateja walipe kwenye namba yangu ya lipa, mimi nitakuwa nakutumia jioni." Nikasema sawa. Mimi muda wote niko stendi napakia mizigo ya Musoma na Mwanza, nani ana nafasi ya kushika simu mbili.

Novemba na Desemba tukauza kuliko miezi yote niliyowahi kufanya biashara. Mauzo milioni 3 na laki 5. Bodaboda walikuwa wanapishana pale mlangoni. Wateja wa ng'ambo ya mpaka, Isebania mpaka Migori, wanaagiza wanalipa kwa hela ya Kenya. Stendi watu wakaanza kuniita tajiri. Mwenye fremu akapita, akatazama maboksi, hakusema kitu, mwezi uliofuata kodi ikatoka elfu 60 ikawa elfu 80. Kwenye kikoba wakanipangia mchango wa harusi mkubwa kuliko wenzangu. Mama mdogo yangu wa Nyamwaga akaomba ada ya mtoto, nikamwambia sina. Alikata simu. Aliamini ninamnyima, na alikaa mpaka Pasaka bila kuongea na mimi.

Na kweli sikuwa nayo. Mzigo wenyewe ulinigharimu milioni 2 na laki 1, nusu yake mali kauli. Hela iliyofika mkononi mwangu kwa miezi yote miwili ilikuwa milioni 1 na laki 3. Nikimlipa tajiri yangu wa Mwanza deni lake, nabaki na laki 2 na nusu, na fremu tupu.

Nikamwita kijana. "Milioni 2 na laki 2 ziko wapi?" Akasema matangazo. Akasema bando. Akasema boda, akasema hela ya Kenya ilibadilishwa kwa bei mbaya, akasema kuna wateja walirudishiwa. Tukakaa siku nzima na simu yake. Laki 9 za matangazo nilizikuta kweli, risiti zipo. Bando, boda na marejesho kama laki 4, nazo zikaeleweka. Zikabaki laki 9 ambazo hazina maelezo, kwa sababu kwenye namba hiyohiyo alikuwa anapokea hela zake nyingine, analipia chumba, anatuma kwao. Zimechanganyika.

Mtaa mzima ulishahukumu kwamba kaniibia. Mimi mpaka leo sijui. Inawezekana alichukua, inawezekana hata yeye hajui. Hatukuwa na karatasi. Tungekuwa tumeandika kwamba yeye analipwa kiasi gani kwa oda, matangazo mwisho shilingi ngapi kwa wiki, na hela inaingia namba ya nani, ningeweza kusema "umeniibia" au "samahani mdogo wangu, nilikudhania vibaya." Nimekosa yote mawili.

Sasa turudi Uingereza. Queen walimtafuta mwanasheria, Jim Beach, akaanza kusoma ile mikataba. Mazungumzo ya kujitoa yalichukua karibu miezi tisa. Agosti 1975 wakaachana. Masharti: Trident walipwe pauni 100,000, na juu yake wapate asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zijazo. Kumbuka hawa ni watu ambao hawana hata kianzio cha nyumba. Wapo wanaosema walionewa. Mimi nasema walinunua daftari lao, na bei yake ndiyo ile. Novemba mwaka huohuo wakatoa albamu yenye "Bohemian Rhapsody", wimbo ukakaa namba 1 Uingereza wiki tisa. Ile asilimia 1 ya Trident ikawa ya thamani. Asilimia 99 zilizobaki hazikupita tena mikononi mwa Trident.

Albamu hiyo inafunguliwa na wimbo wa hasira mbaya sana kumhusu mtu anayenyonya watu. Hautaji jina, lakini Norman Sheffield alijitambua, akaenda kwa wanasheria, yakamalizwa nje ya mahakama. Baada ya hapo dunia nzima ikabeba kwamba huyu mzee ni mwizi. Mwaka 2013 naye akatoa kitabu chake cha kumbukumbu akieleza upande wake. Hoja yake ilikuwa kwamba Trident waliwachukua vijana ambao wengine hawakuwataka, wakawawekea fedha nyingi sana kabla ya kuona faida. Na hilo halikuwa uongo, studio na vyombo vilitolewa kweli. Ukimsikiliza unamwelewa, kama mimi nilivyomwelewa yule kijana aliponionyesha zile risiti za laki 9. Mtu anaweza kuwa alikusaidia kweli na bado mpangilio wenu ukawa unakumaliza. Ujumbe wa WhatsApp hauna nafasi ya sentensi kama hiyo, wenyewe unataka mwizi na aliyeibiwa basi.

Baada ya Trident wakaenda kwa John Reid, ambaye alikuwa pia meneja wa Elton John. Hapa nichomekee kisa kidogo. Miaka mingi baadaye Elton John alikwenda mahakamani London kudai kwamba gharama za ziara zake za muziki zilikatwa kwake wakati zilitakiwa zibebwe na kampuni ya meneja. Aliwashtaki wahasibu. Ndani ya kesi ikatajwa kwamba alitumia pauni 293,000 kwa maua tu, ndani ya kama miezi ishirini. Basi, magazeti yote yakawa maua, maua. Mwaka 2001 akashindwa, na hakushindwa kwa sababu ya maua. Jaji aliangalia mkataba unasemaje kuhusu nani anabeba gharama za ziara. Watu walichobeba ni maua.

Tangu 1978 meneja wa Queen akawa Jim Beach, yuleyule mwanasheria aliyewatoa. Hawakusema "hatutaki mshauri tena." Walichukua mshauri aliyekuwa upande wao peke yake. Na ndani ya bendi, yule mkimya John Deacon akawa jicho la hela. Aliacha muziki mwaka 1997 na hatokei hadharani, lakini Brian May amewahi kusema hawafanyi jambo la kifedha bila kuzungumza naye. Kila kundi linahitaji mtu wa hivi. Mara nyingi ni yule asiyeongea sana kwenye kikao.

Kuna jambo jingine la Queen ambalo nilimsimulia rafiki yangu wa Mugumu akacheka mpaka akakaa chini. Zamani nyimbo ziliuzwa kwenye sahani, upande wa kwanza wimbo mkubwa, upande wa pili wimbo wa kusindikiza. Nyuma ya "Bohemian Rhapsody" waliweka wimbo wa Roger Taylor kuhusu mapenzi yake kwa gari. Mnunuzi ananunua sahani moja, kwa hiyo mtunzi wa upande wa pili anapata mgao wa utunzi sawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Roger akavuna sawa na Freddie kwa wimbo ambao karibu hakuna aliyeununua. Ilileta ugomvi wa miaka. Mwaka 1989, kwenye albamu ya "The Miracle", wakakubaliana nyimbo zote ziandikwe jina la Queen, mgao sawa kwa wanne.

Rafiki yangu alicheka kwa sababu wao ni akina mama watatu, wanauza asali, ulezi na shanga kwa ukurasa mmoja. Walikuwa wanagawana kwa kitu: aliyetengeneza shanga anachukua hela ya shanga. Sasa mmoja yeye kazi yake ni picha na kujibu wateja, hana bidhaa, na mwisho wa mwezi anapata "asante dada." Alipogoma, oda zikasimama wiki mbili. Wakabadilisha, wanatoa gharama ya bidhaa kwanza, faida wanagawa sehemu tatu sawa. Haijamaliza manung'uniko yote, mwenye shanga anasema macho yanamuuma yeye peke yake. Lakini oda zinatoka.

Tumalizie na zile trilioni 3. Juni 2024 vyombo vya habari vya biashara ya muziki viliripoti kwamba Sony wanachukua haki za nyimbo za Queen kwa karibu pauni bilioni 1, ambayo kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi trilioni 3. Taarifa zilitoka kwa watu ambao hawakutajwa majina. Na hata kwenye taarifa hizo kulikuwa na mipaka: mapato ya maonyesho ya jukwaani hayakuwemo, na haki za rekodi kwa Marekani na Kanada zilibaki kwa Disney. Kwa hiyo "bendi imeuzwa" siyo sahihi. Ni haki fulani, za maeneo fulani, na hela yenyewe ina warithi, ina kodi, ina wanasheria. Vilevile mauzo yangu ya milioni 3 na nusu hayakuwa hela yangu.

Mnaopenda kuhakikisha, Uingereza kampuni ikisajiliwa inawasilisha hesabu zake kwa msajili na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzisoma bure, pamoja na za Queen Productions. Kwetu, kabla hujampa mtu anayejiita wakala wa matangazo hela yako, angalau ingia BRELA uangalie kama hilo jina la biashara lipo. Haikuhakikishii uaminifu, ila aliyekudanganya jina atakudanganya na mengine.

Mimi sasa hivi namba ya lipa ni ya jina langu, na ni ya biashara tu, hata hela ya mboga haipiti hapo. Anayenisaidia ukurasa namlipa kwa oda, elfu 1 kila oda iliyofika kwa mteja, kila Jumamosi. Matangazo nalipia mwenyewe. Hela ya Kenya naandika bei niliyobadilishia siku hiyohiyo, kwenye daftari, maana ile nayo ilikuwa inavuja kimyakimya. Mama mdogo tulikaa nikamwonyesha daftari la ile miezi miwili, ukurasa kwa ukurasa. Mwenye fremu yeye hajashusha kodi.

Makubaliano ninayotumia na msaidizi wangu ni ukurasa mmoja wa mkono, tumesaini wote na shahidi mmoja. Jumamosi nitaupiga picha niuweke hapa, nikiwa nimefunika majina. Anayeuhitaji mapema aniandikie inboksi, na kama mko kundi kama wale wa Mugumu niambie mko wangapi, maana wa kwangu ni wa watu wawili tu.